Besi ya Wimbo wa Arap Taa

Enzi zetu kule karibu na Kapsoit, mtoto aliyetaka kusikia muziki wa gemu alikuwa anaomba mvua. Siku ya jua ilikuwa siku ya majani chai. Ukitoka shule unavua sare, unafunga kikapu mgongoni, unaingia shambani, na hutoki mpaka lori la kukusanya majani lipite. Lakini mvua ya alasiri ikishuka, ile ya kwetu Kericho isiyopiga hodi, tena mara nyingine yenye mawe, Mama alikuwa anasema basi, kazi imeisha leo. Kabla hajamaliza kusema, sisi tulikuwa tumeshafika barabarani na magunia kichwani.

Najua vijana wa leo watacheka. Wao gemu iko mfukoni. Wanacheza mezani, wanacheza kitandani, wanacheza hata chooni, na kinachoniuma zaidi ni kwamba wanacheza sauti ikiwa imezimwa. Mwanangu wa kwanza nilimuuliza muziki wa gemu yake unaendaje. Akaniangalia kwa huruma, akasema, "Mum, hakuna mtu husikiza hiyo." Nikaondoka nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Sisi tulitembea kwenye matope ili tuusikie. Duka lilikuwa la Baba Njeri, mfanyabiashara aliyetoka upande wa Murang'a akatulia kwetu mpaka akawa anatukana kwa Kikipsigis vizuri kuliko sisi. Aliuza mafuta ya taa, mkate, sabuni ya kipande, na mandazi ya mkewe yaliyokuwa na harufu ya iliki. Juu ya kreti za soda alikuwa na televisheni ndogo isiyo na rangi, na chini yake mashine ya gemu ambayo mjomba wake alimletea kutoka Nairobi. Sheria yake ilikuwa moja: nunua andazi ndipo usimame ndani. Asiyenunua alisimama nje chini ya mabati, akachungulia dirishani huku maji yakimwingia shingoni.

Kaseti ya gemu ilikuwa moja tu, ya manjano, yenye maandishi ambayo hakuna mtu Kapsoit nzima aliyeweza kuyasoma. Ndani yake kulikuwa na mtu mdogo aliyebeba taa, akitembea ndani ya pango, akirukia mawe na kukimbia popo. Kaka yangu Kiprotich alimpa jina Arap Taa, yaani mwana wa Taa, na mpaka leo sijui jina lake halisi kwa ulimi wa waliomtengeneza. Arap Taa alikufa ovyo sana. Alianguka majini, aliumwa na popo, taa ilizimika akabaki gizani. Hakuna aliyewahi kumtoa kwenye lile pango, na wako waliojaribu mpaka wakaoa.

Sisi tulitazama, lakini Kiprotich alisikiliza. Alikuwa darasa la saba, mimi la tano. Zamu yake ya kucheza ikifika alimpa mwingine, yeye akaenda kusimama nyuma ya televisheni, karibu na spika, macho ameyafumba. Ile spika ilikuwa imepasuka na Baba Njeri akaizibaziba kwa karatasi, kwa hiyo sauti za chini hazikutoka kabisa. Kilichotufikia ni sauti nyembamba mbili tatu, kama nzi aliyefungiwa kwenye chupa. Hata hivyo ulikuwa wimbo mzuri kupita kiasi. Ulipanda taratibu, ukasimama kidogo kana kwamba unaangalia nyuma, halafu ukashuka. Nilikuwa mtoto, sikuwa na huzuni yoyote, lakini kila ukishuka nilitaka kulia na sikujua nalilia nini.

Kesho yake jua likawaka tukarudi kwenye chai, na hapo ndipo tulipoupanga. Wanaochuma majani wanajua jinsi kazi ile inavyokwenda: kila mtu na mstari wake, ufito umeulaza juu ya michai ili mchumo uwe sawa, unachuma majani mawili na kichipukizi, unatupa nyuma kikapuni. Kiprotich alitugawia sauti kama tulivyogawana mistari. Mimi mstari wa juu, soprano. Binamu yangu Chebet mstari unaofuata, alto. Kaka yake Chebet mstari wa tatu, teno. Na Kiprotich mwenyewe mstari wa chini kabisa karibu na mto, besi. Sauti yake ilikuwa ndiyo kwanza imevunjika, na aliitumia kama mtu aliyenunua viatu vipya. Tulikuwa tunaimba bila maneno, kwa do re mi tuliyofundishwa shuleni, huku mikono ikichuma.

"Hiyo besi umetoa wapi?" Chebet alimuuliza siku moja. "Kwa tivi haiko."

"Iko," Kiprotich akasema. "Iko huko ndani, chini kabisa. Nyinyi hamsikii kwa sababu mnaangalia picha. Mimi naisikia."

Tukaamini. Kiprotich alikuwa na masikio ya ajabu. Alijua lori la majani kwa mngurumo likiwa bado ng'ambo ya pili ya kilima. Akisema anasikia kitu, nani angebisha?

Mama hakupenda. Alikuwa akisimama kwenye ukingo wa shamba, birika la chai mkononi, akisema, "Wimbo haina Yesu, haina bibi harusi, haina hata ng'ombe. Mnaimbia nani?" Lakini sikumwona akituzuia. Tukimaliza alitumiminia chai ya maziwa, na jioni kulikuwa na kimyet, ugali wetu, ukiwa moto, mboga za isageek zilizolala kwenye maziwa usiku kucha, na kibuyu cha maziwa ya mgando, mursik, ambacho Kiprotich alikitikisa kwa mapigo ya ule ule wimbo mpaka Baba akamwambia akiweke chini.

Mwalimu Bett ndiye aliyebadilisha mambo. Alikuwa mwalimu wetu wa muziki shuleni na mwalimu wa kwaya kanisani, mtu mwembamba, mkali, aliyeongoza kwaya kwa kijiti cha mchai. Siku hiyo alikuwa anapita na baiskeli yake kwenye njia ya juu ya shamba. Akasikia sauti nne, zimepangana, za do re mi, zikitoka kwenye chai. Akaiegemeza baiskeli kwenye ua, akasikiliza mpaka mwisho, akavua kofia. Kwa mtu kama Mwalimu Bett, sauti nne za do re mi zilikuwa na maana moja tu duniani.

"Hii ni wimbo ya misheni gani?" akauliza.

"Si ya misheni, Mwalimu," nikajibu. "Ni ya gemu. Ya Arap Taa."

Akacheka mpaka akashika magoti. "Gemu! Chepkemoi, gemu inaweza kuwa na wimbo ya kuzika mtu hivi? Mmesikia kwa redio, au kwa watu wa misheni ya Kaplong. Kesho mje kanisani mwimbie kwaya."

Tulimwambia tena kesho yake, na Jumapili yake. Kiprotich alimwambia twende dukani kwa Baba Njeri asikie mwenyewe. Mwalimu Bett akasema hawezi kuingia mahali pa watoto wavivu. Akautafutia maneno ya Kikipsigis, ya mtu anayerudi nyumbani baada ya kazi ndefu, akaufundisha kwaya ya watu wazima. Kiprotich akasimama mbele ya wanaume wanne wa besi, watu wenye ndevu na ng'ombe, akawafundisha sauti yao kipande kwa kipande. Mwalimu Bett alikuwa ameketi kando akitikisa kichwa. Sijawahi kumwona kaka yangu akiwa amenyooka vile.

Mazishi ya kwanza ulipoimbwa yalikuwa ya bibi mmoja jirani yetu. Watu walilia vizuri, kama tunavyosema kwetu, yaani walilia wakapata nafuu. Halafu kwaya nyingine ikauchukua, na nyingine. Miaka haikupita mingi ukawa unaimbwa Kabianga, ukaimbwa Bomet, ukaimbwa Sotik, na kila mahali watu walisema ni wimbo wa zamani sana, wa wamisionari. Arap Taa, aliyeshindwa kutoka pangoni, akawa anasindikiza marehemu wetu wote.

Nitaeleza jinsi tulivyofundishwa kuimba, maana kila kinachoniumiza leo kinatoka hapo. Mwalimu Bett alikuwa na kilio kimoja: "Shika sauti yako! Usisikize ya jirani!" Aliona kwamba anayesikiliza mwenzake anavutwa, anaacha yake anafuata ya pili. Kwa hiyo tulifundishwa kuziba sikio. Kidole kimoja sikioni, upande wa jirani, na unaimba yako mpaka mwisho. Kwaya zote za kwetu ziliimba hivyo wakati wa mazoezi, safu nzima ya watu wameziba masikio kama wanaoogopa radi. Nilisimama karibu na Kiprotich miaka yote ile, kanisani, shuleni, kwenye mashindano. Na miaka yote ile kidole changu kilikuwa sikioni, upande wake.

Shule ya Kiprotich ilikatikia kidato cha pili. Mimi nikaendelea, nikafika Kabianga, nikawa mwalimu wa hesabu, nikaolewa mjini. Yeye akawa dereva wa lile lile lori la majani. Kwaya aliiacha mwaka ambao kanisa lilinunua kinanda cha umeme, kile chenye vitufe ambavyo ukibonyeza kimoja ngoma inapiga yenyewe na besi inaenda yenyewe. Nilimuuliza kwa nini ameacha.

"Hiyo mashine iko na besi yake," akasema. "Mimi nitasimama hapo nifanye nini?"

Alisema akicheka, na mimi nikacheka. Baadaye wanaume wale wa besi nao wakawa wanaimba sauti ya kwanza pamoja na wanawake, kwa sababu kinanda kilikuwa kinajaza kila nafasi. Hakuna aliyelalamika. Ilikuwa rahisi zaidi, na mazoezi yakawa mafupi.

Mimi kwa upande wangu nilikuwa nimeshikwa na ugonjwa huu wangu wa kupanga nyimbo za gemu. Mume wangu ndiye anayeuita ugonjwa. Wengine wana kuku wa mayai, mimi nina kompyuta, spika mbili na nyimbo za gemu za zamani ninazozipanga upya, za sauti nne, za filimbi, za chochote. Nasahihisha madaftari ya watoto, naweka maharagwe jikoni, halafu naketi. Nilizipanga nyingi sana kabla sijathubutu kuugusa ule wa Arap Taa. Nilitaka kuupanga na Kiprotich, yeye akiimba besi, mimi nikiandika. Tulikubaliana mara nyingi. Siku zote kulikuwa na majani ya kusafirisha, au mtihani, au mtoto mwenye homa.

Halafu akaugua koo. Watu wa kwetu wanaujua ugonjwa huo kuliko wanavyotaka kuujua. Alianza kwa kusema ugali unakwama, akawa anakunywa uji, akawa hanywi. Nilipomkuta hospitalini sauti ilikuwa imeshaondoka, imebaki pumzi. Ile sauti ya mstari wa chini, karibu na mto. Nilikaa karibu naye, nikaongea juu ya mambo ya nyumbani, mvua, bei ya majani, ng'ombe wa Mama aliyezaa pacha. Mambo yaliponiishia nikaanza kuimba soprano yangu, polepole, ya ule wimbo.

Akafumbua macho. Akainua mkono, akaanza kugonga blanketi kwa vidole. Alikuwa anaimba besi. Aliingia pale pale ilipoingia, akasubiri ilipongoja, akarudi, akaharakisha kidogo kabla ya ule mshuko. Nikaanza tena, akagonga tena vile vile, bila kukosea hata pigo moja. Nikamwambia, "Kip, naandika sasa." Akatabasamu akatikisa kichwa kukubali. Niliandika mapigo yote. Ndipo nikaona kwamba vidole kwenye blanketi haviwezi kusema sauti iko juu au chini, ni do au ni so. Yeye alikuwa anaisikia yote, na mimi nilikuwa nasikia kitambaa.

Alifariki wiki hiyo hiyo.

Walimzika kwa wimbo wake, bila shaka. Kijana wa kinanda alikuja na spika kubwa na jenereta, akabonyeza kitufe, ngoma ikaanza, dum-taka, dum-taka, kama harusi. Besi ya mashine ikapita katikati ya wimbo ikikanyaga kila kitu. Watu walilia. Nilishika kiti nisimame niwaambie waizime, niwaambie ni nani aliyelala pale, lakini Mama alinishika mkono akasema, "Tulia, Chepkemoi. Wanaimba vizuri." Nikatulia. Mchungaji akatangaza kwamba marehemu aliupenda sana wimbo huu wa wamisionari.

Nilijipa moyo kwa jambo moja: besi iko kwenye gemu. Kiprotich alisema anaisikia humo ndani, chini. Kwa hiyo nilitafuta. Nilikaa kwenye mtandao miezi mingi nikisikiliza gemu za mapango, za popo, za taa, mpaka alasiri moja ya mvua nikampata. Arap Taa mwenyewe, na rangi zake, kumbe kanzu yake ilikuwa nyekundu. Wimbo ukaanza, ukikimbia kuliko nilivyoukumbuka, sijui kama ni mashine ya Baba Njeri iliyokuwa ikienda polepole. Nikaongeza sauti za chini. Besi ilikuwepo kweli. Ilikuwa inapiga do, so, do, so, kutoka mwanzo mpaka mwisho, kama mtu anayepiga hatua papo hapo bila kwenda popote.

Haikuwa ile. Haikuingia pale alipoingia Kiprotich, haikungoja alipongoja. Hakuisikia popote. Aliitunga mwenyewe, mtoto wa darasa la saba, ameinama kwenye chai, na kwa sababu hakuwahi kufikiri mtu kama yeye anaweza kutunga kitu, alisema ameisikia kwa tivi. Nililia pale kwenye meza mpaka maharagwe yakaungua. Nilikuwa na kaka mtunzi, na hakuna aliyejua, hata yeye.

Nikampigia Chebet, yuko Eldoret siku hizi. Akaniimbia alto yake yote, safi. Besi? "Mimi nilishika yangu tu," akasema. Kaka yake naye alikumbuka teno yake tu. Mwalimu Bett yu hai, lakini masikio yamekwenda. Alinishika mkono akaniuliza kama bado naziba sikio. Wale wanaume wanne wa besi, watatu wametangulia. Alibaki mmoja, Mzee Rono, anayeishi kwa bintiye karibu na Kabianga.

Nilimwendea na mkate na majani chai. Alifurahi kuulizwa. Akavaa koti, akaketi wima, akakohoa, akaimba besi kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kusita, macho yaking'aa. Nilijua kabla hajafika katikati. Ilikuwa besi ya kinanda, dum, dum, pigo kwa pigo, ile ya kitufe. Ameisikia kwenye mazishi mengi mno, ikaingia ikakaa mahali pa ile nyingine.

"Ni hiyo?" akaniuliza. "Ile kijana yenu alitufundisha?"

"Ni hiyo, mzee," nikamwambia.

Akapiga mapaja kwa furaha. "Mimi siwezi kusahau kitu ya Kiprotich!"

Enzi zetu wimbo ulikaa ndani ya watu. Kila mtu alibeba kipande chake, na ili uusikie mzima ilibidi muwe wote, mtoke nyumbani, msimame pamoja. Leo wimbo mzima unakaa kwenye simu, haumhitaji mtu yeyote, na wanangu wanasema huo ndio uzuri wake. Siwalaumu. Nilizoea kusema wakati wetu ulikuwa bora, lakini wakati wetu ndio uliotufundisha kuziba masikio. Tulibeba kila mtu chake kwa uaminifu, na mmoja akiondoka anakwenda nacho.

Nimeupanga hata hivyo. Soprano ni yangu, alto ya Chebet, teno ya kaka yake. Mstari wa nne una mapigo ya vidole tu, na nimeyanyamazisha kwa sababu nimejaribu kila noti na zote ni za uongo. Mwanangu alipita akasikia, akasema, "Mum, si iko sawa? Imeisha hiyo." Nilitaka kumgombeza. Nilitaka kumkalisha chini nimweleze kinachokosekana na ni cha nani. Lakini Jumapili iliyopita nilikuwa nakunja nguo huku wimbo ukicheza, nikausikiliza mpaka mwisho, na uliponyamaza nikagundua kwamba sikuwa nimesikia pengo lolote.